Kupima ukoo mzima ugonjwa wa kurundika chuma bila kufilisika

Shemeji yangu mkubwa aliumwa na vidole miaka sita. Viwili tu: cha shahada na cha kati, mikono yote miwili, pale kwenye fundo la ngumi. Akienda kwa daktari anaambiwa ni ng'ombe, maana amekamua tangu utotoni. Mara ni baridi. Mara ni umri, naye hata hamsini hajafika. Mimi nilikuwa na mwaka wa tatu tangu niolewe katika nyumba ile. Maabara nilisomea Dar es Salaam, lakini ugonjwa wa kurundika chuma mwilini tulifundishwa kwa aya moja, tukaambiwa ni wa Wazungu wa kaskazini, tukageuza ukurasa. Jumapili moja alinyoosha mkono kupokea sahani ya viazi, nikaona ngozi yake ina rangi ya shaba. Ilikuwa Februari, mwezi ambao hapa Mayo, magharibi mwa Ireland, jua hulioni hata kwa dawa. Nikamwambia, "Shemeji, kesho kapime chuma."

Feritini yake, kipimo cha chuma kilichohifadhiwa mwilini, ilirudi 2,140. Kwa mwanamume ikipita 300 unaanza kuuliza maswali.

Ninayoyaandika hapa ni kazi niliyoifanya baada ya siku ile, kwanza kwa ndugu wa mume wangu, halafu kwa klabu ya michezo ya kijijini. Nawaandikia wenzangu mliooa au kuolewa Ireland, Uskoti, Wales, Norwei, au kwa Waaustralia wenye asili ya huko, na mnaofanya kazi kwenye maabara na kliniki zao. Walio nyumbani Afrika Mashariki nina neno lenu mbele, msiondoke.

Kwa ufupi, mwili wa mtu mzima una chuma gramu 3 hadi 4, na hauna mlango wa kukitolea. Kinachopotea ni miligramu 1 au 2 kwa siku, na kinachoingia ni hicho hicho. Chuma kikitosha, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo huufungia utumbo usiingize zaidi. Kwa wenye ugonjwa huu hepsidini haitoshi, mlango unabaki wazi, na chuma kinalundikana kwenye ini, kongosho, moyo na viungo mwaka hadi mwaka, hata kupita gramu 20. Mtu anaanza kwa uchovu na maumivu ya viungo, anaishia na ini lililojaa makovu, saratani ya ini, kisukari, moyo uliochoka, na nguvu za kiume kupotea, jambo ambalo wanaume wa huku hawalitaji mpaka uwaulize mara tatu.

Chanzo kikubwa ni badiliko moja kwenye jeni ya HFE, liitwalo C282Y, lililotambuliwa mwaka 1996. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, yuko hatarini. Mwenye moja ni mbebaji tu, analipitisha lakini yeye haugui. Ireland inaongoza duniani: karibu mtu 1 kati ya 83 ana nakala mbili, na 1 kati ya 5 ni mbebaji. Wenyewe wanauita laana ya Wakelti.

Anza na karatasi

Watu wakisikia neno kurithi wanakimbilia kipimo cha jeni kwa kila mtu, mpaka mtoto wa miaka minne. Hapo ndipo pesa huteketea. Kazi ya kwanza haina sindano. Nilichukua kalenda kuukuu ya duka la pembejeo, ile kubwa ya ukutani, nikaigeuza nyuma, nikaketi jikoni na mama mkwe na birika la chai. Nikachora ndugu saba, wake na waume zao, watoto, kisha nikapanda juu kwa wazee.

Usiulize nani alikuwa na ugonjwa wa chuma, hakuna atakayekujibu. Uliza nani alikufa kwa ini kabla ya miaka 60. Nani alipata kisukari naye ni mwembamba. Nani alivimba miguu kwa sababu ya moyo angali kijana. Nani alishindwa kufunga vifungo vya shati kwa maumivu ya vidole. Nani alikuwa na rangi ya mtu aliyetoka likizo Hispania, na hajawahi kuvuka mpaka wa kaunti.

Mama mkwe alinijibu moja moja huku akimimina chai, mpaka tulipofika kwa kaka mkubwa wa marehemu mumewe. Huyo alikufa kwa ini akiwa na miaka 58. Alikuwa akivaa beji ya Pioneer kwenye koti, ile ya Wakatoliki wa Ireland walioapa kutogusa pombe, kwa hiyo kijiji kikahitimisha kwamba alikuwa mlevi wa siri. Ini lingeharibikaje bila pombe? Mama mkwe aliweka birika chini. "Kwa hiyo hakuwa akinywa," alisema. Nikamwambia marehemu hatuwezi kumpima, siwezi kuapa, lakini inawezekana sana. Alichukua kalamu mkononi mwangu, akaandika jina la shemejiye kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa kuliko zangu.

Karatasi ikikamilika utaona pa kuanzia: mtu mmoja aliyethibitishwa, na ndugu zake wa tumbo moja. Hao ndio wenye hatari kubwa kuliko wote, maana kama baba na mama wote walikuwa wabebaji, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbili. Binamu waache kwanza.

Viti vya daladala

Transferini ni protini inayobeba chuma kwenye damu. Ifikirie kama daladala ya Raskazone pale Tanga. Siku ya kawaida kama theluthi ya viti ina watu. Kwa mwenye ugonjwa huu viti vyote vimekaliwa, na wengine wananing'inia mlangoni huku konda anaendelea kuita. Maabara inaweza kuhesabu abiria, yaani chuma cha kwenye seramu, na inaweza kuhesabu viti vitupu, ambavyo mashine huviandika UIBC. Ukijumlisha unapata viti vyote. Gawanya abiria kwa viti vyote, zidisha kwa mia, umepata ujazo wa transferini.

Shemeji: chuma maikromoli 41 kwa lita, viti vitupu 6. Jumla 47. Ujazo asilimia 87. Siku hiyo nilijitoa na mimi damu kwa kulinganisha: chuma 15, viti vitupu 47, ujazo asilimia 24.

Mwanamke akizidi asilimia 45, mwanamume akizidi 50, rudia. Kipimo hiki ni cha bei ya chini, mashine ya kawaida ya hospitali inakifanya, na hakihitaji kichupa cha pekee. Kama mtu anakwenda kutolewa damu ya kolesteroli, mwambie aombe chuma, transferini na feritini kwenye damu hiyo hiyo. Sindano moja, safari moja, ada moja ya daktari. Kwa hila hii peke yake tuliokoa zaidi ya tulivyookoa kwa maombi yote ya punguzo.

Feritini si daladala, ni ghala. Inakuonyesha chuma kilichokwisha kuhifadhiwa: ikizidi 200 kwa mwanamke au 300 kwa mwanamume, na ujazo nao uko juu, njia imeonekana. Ikipita 1,000, ini lichunguzwe haraka. Lakini usianze na feritini peke yake. Inapanda kwa homa, kwa pombe, kwa ini lenye mafuta, kwa unene, kwa uvimbe wowote mwilini. Nimeona watu wakitishwa kwa feritini 600 na daladala zao ziko nusu tupu. Hao wengi wao tatizo ni sahani na glasi, si jeni.

Kwa ndugu wa tumbo moja utaratibu ni tofauti kidogo. Hatari yao ni kubwa mno kuwapangia hatua mbili mbili, kwa hiyo kwao chuma na jeni nilivipeleka pamoja: kichupa cha seramu, na kile cha kifuniko cha zambarau kwa ajili ya jeni. Ndugu sita walipimwa. Wawili wana nakala mbili: shemeji mdogo kabisa, feritini 780, na wifi wa tatu, feritini 140, hedhi imemlinda mpaka sasa. Watatu wabebaji, mume wangu mmojawapo. Mmoja hana kitu, na alijigamba Krismasi nzima.

Mpime mke kabla ya watoto

Hapa ndipo penye akiba kubwa. Shemeji mkubwa ana watoto watano. Kila mmoja lazima amerithi nakala moja kwake, kwa kuwa yeye hana nyingine ya kutoa. Swali lililobaki ni mama yao. Akiwa hana C282Y, watoto wote watano ni wabebaji, hakuna mgonjwa, na hakuna haja ya kumchoma hata mmoja. Kipimo kimoja kinajibu vitano. Mkewe alipimwa, hana. Tukachora mstari chini ya watoto watano.

Mume wa wifi naye hana, watoto wanne wakatoka. Wabebaji wawili wenye wenza wa Kiairishi waliwapima wenza wao, wote hawana, watoto watano wengine wakatoka. Mke wa shemeji mdogo ni mbebaji. Watoto wake watatu kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu, na hao ndio watakaopimwa. Wakikua. Chuma hakirundikani utotoni hata kikaleta madhara, na kipimo cha jeni ni uamuzi wa mtu mwenyewe akishakuwa mtu mzima. Wazazi walisumbua, nikakataa.

Na wangu wawili? C282Y kwa sisi Waafrika karibu haipo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2005, uliopima karibu watu laki moja, wenye nakala mbili walikuwa asilimia 0.44 ya Wazungu na asilimia 0.014 ya Weusi. Mimi sikujipima jeni. Wanangu wanaweza kuwa wabebaji kama baba yao, basi. Siku wakitaka kuoa au kuolewa na Mwairishi, tutazungumza.

Piga hesabu: ndugu sita na wenza watano, vipimo 11, na vitatu vya baadaye. Tungewapima ndugu wote na watoto wote 19, vingekuwa 25, na vilio vya watoto juu.

Tahadhari moja, na iseme kabla damu haijatoka. Hesabu hii inasimama juu ya baba kuwa baba kweli. Kipimo cha jeni kinaweza kumwaga siri ambayo hakuna aliyekutuma kuitafuta. Mimi nawaambia watu wakiwa faraghani, mmoja mmoja, na asiyetaka simuulizi kwa nini. Jambo la bima nalo liseme mapema: Ireland ina sheria ya mwaka 2005 inayozuia kampuni za bima kutumia majibu ya kipimo cha jeni. Kwingine uliza kwanza.

Klabuni

Habari ya shemeji ilipoenea, mwenyekiti wa klabu ya michezo aliniomba tuwapime wanachama. Kupima ukoo na kupima umma ni mambo mawili. Serikali nyingi zimekataa kupima watu wote, na sababu yao si ya kijinga: si kila mwenye nakala mbili anaugua. Utafiti wa Melbourne, Australia, uliotoka mwaka 2008 ulikuta kati ya wanaume wenye nakala mbili asilimia 28.4 walikuwa na ugonjwa wa kurundika chuma, na kati ya wanawake asilimia 1.2 tu. Ukianza na jeni kwa umma mzima utawatia hofu wengi ambao hawataumwa maisha yao yote. Mimi nasema kwa Ireland, yenye 1 kati ya 83, kutopima kabisa ni uvivu. Ila unaanza na daladala, si na jeni. Ndivyo walivyofanya Nord-Trøndelag, Norwei, miaka ya 1990, walipopima watu 65,238 kwa kuanzia na ujazo wa transferini.

Kabla ya sindano ya kwanza pata daktari wa eneo lile akubali kwa maandishi kuwapokea watakaopatikana. Bila yeye unatengeneza hofu tu. Pata maabara itakayopokea vichupa vyote kwa mkupuo. Andika fomu ya ukurasa mmoja, isiyo na Kilatini.

Fomu yangu ndiyo iliyoniponza. Niliuliza umri, ndugu, ini, pombe. Nikasahau kuuliza vidonge. Watu 112 walipimwa jioni baada ya mazoezi, tisa wakarudi na ujazo wa juu. Mimi kwa haraka zangu nikawatumia wote ujumbe wa simu, Ijumaa saa kumi na moja jioni. Binti mmoja wa miaka 24 alikaa hadi Jumatatu akiamini ini lake limekwisha, akisoma mtandaoni usiku kucha. Kumbe alikuwa anameza vidonge vya chuma alivyonunua mwenyewe, asubuhi na jioni. Nilikwenda kwao kumwomba radhi uso kwa uso. Mama yake hakunikaribisha chai, na Mwairishi asipokukaribisha chai ujue umekosa.

Tangu hapo fomu inauliza vidonge vya chuma, vya vitamini C na vya mchanganyiko, na majibu ya juu nayatoa kwa mdomo, katikati ya wiki, nikiwa na tarehe ya kurudia mkononi. Kipimo cha kwanza nachukua saa yoyote, maana ukiwaambia watu wafunge, nusu hawaji. Walio juu tu ndio wanaorudia, asubuhi, kabla ya kula, wakiwa wameacha vidonge wiki moja, na hapo nafanya na feritini. Wale tisa wakabaki watatu. Hao watatu ndio waliopimwa jeni: wawili nakala mbili, mmoja mbebaji mwenye ini la mafuta. Vipimo vya jeni vitatu badala ya 112.

Wavu huu una matundu, sifichi. Kijana wa miaka 20, au mwanamke ambaye bado ana hedhi, anaweza kuwa na nakala mbili na daladala yake haijajaa bado. Kwa hiyo jibu zuri halimaanishi "huna". Linamaanisha "leo huna", na karatasi ninayompa imeandikwa hivyo, pamoja na ushauri wa kurudia baada ya miaka michache, mwanamke hasa akishakoma hedhi.

Akishapatikana

Sehemu hii naipita haraka kwa sababu ni ya daktari. Dawa ni kutoa damu, mililita 450 hadi 500, kila wiki mwanzoni, na kila mfuko unaondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma. Damu nyekundu inapimwa kila mara asije akaishiwa. Lengo la kawaida ni feritini kushuka hadi karibu 50, kisha mifuko mitatu au minne kwa mwaka, maisha yote. Shemeji mkubwa alitoa mifuko 38. Uchovu ulimtoka, ngozi ikarudi rangi yake ya maziwa. Vidole havikupona, viungo mara nyingi havirudi. Shemeji mdogo, aliyekutwa mapema, ametoa 14 na haumwi popote.

Chakula hakitibu. Aache vidonge vya chuma na vya vitamini C, apunguze pombe, na asome pakiti ya nafaka za asubuhi, nyingi zimetiwa chuma. Chai pamoja na chakula hupunguza chuma kinachofyonzwa, na kwa chai nzito wanayokunywa hawa watu, najiuliza wangekuwaje bila hiyo. Chaza wabichi marufuku. Clew Bay iko hapa karibu na chaza wake wanasifiwa, lakini kuna bakteria wa maji ya chumvi, Vibrio vulnificus, anayestawi kwenye damu yenye chuma kingi, naye huua kwa siku chache. Wapikwe.

Walio nyumbani

Kama ukoo wako wote ni wa Tanga, Kisumu au Bujumbura, usitumie shilingi yako kupima C282Y. Lakini usidhani chuma hakiturundiki. Mwaka 1929 daktari Strachan aliandika juu ya maiti za Waafrika 876 zilizochunguzwa Johannesburg, na kuonyesha jinsi chuma kilivyojaa kwenye maini yao. Baadaye ilibainika kwamba pombe ya kienyeji iliyopikwa kwenye mapipa na masufuria ya chuma hubeba chuma kingi, na mwaka 1992 mtafiti Gordeuk na wenzake wakaonyesha kwamba huenda kuna jeni nyingine inayosaidia. Mzee anayekunywa pombe ya pipa miaka mingi na ini linamsumbua, mpimeni ujazo na feritini. Mwenye selimundu anayeongezewa damu mara kwa mara naye afuatiliwe feritini, maana kila chupa anayopewa inakuja na chuma chake. Na kwa mjamzito na mtoto, shida ya kwetu ni upungufu, kwa hiyo mtu asiache vidonge vya kliniki kwa sababu amesoma niliyoandika mimi kuhusu Wairishi.

Ile kalenda bado iko jikoni kwa mama mkwe, imebandikwa nyuma ya mlango wa stoo. Majina ya wale watoto watatu yameandikwa kwa penseli, kila moja na mwaka atakaotimiza 18. Wa kwanza ni mwakani. Juzi kijana huyo alinipigia simu kuuliza kama damu yake niichukue mimi au aende kwa daktari, nikamwambia aende kwa daktari, na aombe na kolesteroli hapo hapo.